Uzoefu wangu na Ford Flex EcoBoost: siti tatu za watoto na robo maili ya Ijumaa

Wakuu, tangu nianze kupeleka Ford Flex, gari la familia lenye safu tatu za siti, kwenye mbio za dragi (magari mawili yanashindana kwenye njia iliyonyooka) hapa Texas, naulizwa swali lilelile: si ungenunua gari la mbio tu yakaisha? Nina watoto watatu, mama mkwe huja kukaa nasi miezi ya baridi, na pesa ya gari la pili la kuchezea sina. Gari linalokimbia Ijumaa usiku ndilo linalotupeleka kanisani Jumapili, kwa hiyo shemeji yenu ilibidi aliridhie kabla sijatoa senti. Sharti hilo ndilo lililoamua mengi.

Nilichagua kwa kuanzia na starehe, mwendo nikauacha nyuma. Nguvu unaongeza baadaye kidogokidogo, mshahara kwa mshahara. Lakini gari lenye siti zinazoumiza kiuno, linalovuma ndani kama uko kwenye daladala, utahangaika nalo mpaka uliuze. Sifa ya pili ilikuwa turbo ya kiwandani, kwa sababu injini iliyozaliwa na turbo unaiongezea nguvu kupitia kompyuta yake (ndiyo tyuni) bila kuifungua. Ya tatu, magurudumu yote manne yavute. Gari zito likivuta kwa mawili tu linaondoka mstarini likisugua lami huku mwenzako ameshakwenda.

Subaru ilikuwa ya kwanza kunijia, maana nimekulia Dar na mlio wa ile injini nautambua hata nikiwa usingizini. Legacy GT na Outback XT za kati ya 2005 na 2009 zina lita 2.5 na turbo, nguvu za farasi kama 250, na ni nyepesi. Ila ukifunga siti mbili za watoto nyuma, wa tatu hana pa kukaa, na pistoni za ile injini hazivumilii tyuni ya pupa. Volvo V70 R, ya 2004 hadi 2007, ina farasi 300, na siti zake ni bora kuliko zote nilizowahi kukalia, sipepesi macho. Kilichonirudisha ni umri wake na bei ya vipuri. Dodge Magnum SRT8 ina V8 ya lita 6.1 yenye farasi 425, na ngurumo yake peke yake inaweza kukutia kwenye deni. Lakini inasukuma kwa nyuma, saspensheni ni ngumu, na mama mkwe ana mgongo. Chevrolet SS ya 2014 hadi 2017 ningeichukua kesho asubuhi kama wenye nazo wangekubali kushusha bei.

Flex ilikuwa ikitengenezwa Oakville, Kanada, na modeli zake zinaanzia 2009 hadi 2019. Ina umbo la mkate wa boflo, na wengi waliipita kwa ajili hiyohiyo. Angalieni sana: nyingi zinazouzwa zina V6 ya kawaida isiyo na turbo, na hiyo haitusaidii. Inayotafutwa ni EcoBoost ya lita 3.5 yenye turbo mbili, iliyoanza na modeli ya 2010 ikiwa na farasi 355, kisha 365 kuanzia 2013. Msukumo wake unaanza chini kabisa, injini ikiwa haijachangamka hata kidogo, na hicho ndicho kitu unachokihitaji kuondoa tani mbili na ushee zilizosimama. Injini hiyohiyo imo kwenye Taurus SHO, ambayo ni nyepesi zaidi ila haina safu ya tatu, kwenye Explorer Sport, na kwenye Lincoln MKT. MKT ni tulivu kuliko zote, lakini hapa Marekani nyingi zimefanywa magari ya kubebea maiti, na shemeji yenu hakutaka hata kuifungua mlango.

Ndani ya Flex, jamani, ni sebule. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 3, kwa hiyo matuta unayasikia kwa mbali, na safu ya tatu anakaa mtu mzima asilalamike. Baadhi zina hata friji ndogo katikati ya siti za safu ya pili. Yangu inayo, na nimekatazwa kuing'oa kwa sababu ya uzito. Kesi hiyo nilishindwa, sikati rufaa.

Tuje kwenye mwendo. Uwanja ninaokwenda ni Texas Motorplex ulioko Ennis, kusini mwa Dallas. Ulifunguliwa mwaka 1986, na njia yake yote ya robo maili, yaani mita 402, ni zege. Palepale, mwaka 1988, Eddie Hill alikuwa dereva wa kwanza wa Top Fuel, lile daraja la juu la magari ya dragi, kumaliza robo maili chini ya sekunde 5. Sisi wengine siku za raia wa kawaida tunalipa kiingilio, gari linakaguliwa, tunapanga foleni na minivani zetu. Flex ikiwa kama ilivyotoka kiwandani ilinipa sekunde 14.7.

Nilichobadilisha kwanza ni tairi na rimu, na hapa starehe na mwendo vilikubaliana, jambo ambalo si la kawaida. Rimu za inchi 20 zilizokuja nalo ni nzito na tairi zake ni nyembamba kiunoni. Nikaweka za inchi 18 baada ya kuhakikisha hazigusi breki. Tairi ikawa na nyama zaidi, mashimo ya barabarani yakapungua ukali, na gari likawa jepesi kuondoka. Mita 18 za mwanzo, ambazo karatasi ya matokeo inazipima peke yake, zilishuka kutoka sekunde 2.2 hadi 2.0. Gari zito linashindia hapo. Ukichelewa mita 18 za mwanzo huzirudishi kule mbele.

Kisha ikaja kompyuta. Fundi anaingiza programu mpya kupitia ile soketi ya uchunguzi chini ya usukani, anaongeza shinikizo la turbo na kubadili namna giaboksi inavyopokezana gia. Mwanya wa plagi ukapunguzwa kidogo, maana shinikizo likipanda cheche huzimwa kabla haijawasha. Intakula kubwa, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, nikaifunga kabla ya kiangazi. Mafuta nachanganya: kwenye tangi inaingia petroli nzuri na kiasi cha E85 (mafuta yenye ethanoli nyingi), mpaka ethanoli ifike karibu asilimia 30. Ethanoli inapoza mchanganyiko na kuzuia injini kugonga, kwa hiyo tyuni inaweza kuwa kali zaidi. Hasara yake ni unywaji, kwa sababu lita moja ya ethanoli ina nishati pungufu kuliko ya petroli. Wiki ya kawaida naweka petroli tupu na kurudisha tyuni ya upole.

Gereji moja ilinisisitiza niondoe katalaiza, ile inayosafisha moshi wa ekzosi, ili nipate farasi wa ziada. Nilikataa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inakataza, kaunti yetu ina kipimo cha moshi, na zaidi ya yote kuna harufu na mlio ambao ungeamsha watoto kila tukirudi safari ya usiku. Shokapu na springi sijazigusa. Kulishusha gari ni kuua kile ulichokilipia.

Sasa inatembea 13.4 jioni za Novemba, hewa ikiwa baridi na nzito. Agosti, joto likiwa zaidi ya nyuzi 35, gari hilohilo linarudi 13.8 na kuendelea, na ukirudia haraka intakula inakuwa tayari imeiva. Nafungua boneti, nangoja, nakula mahindi. Na tangu nishuke chini ya sekunde 14 nadaiwa helmeti, kwa sababu kanuni za NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, zinaidai kuanzia 13.99. Watoto waliipaka stika.

Mambo madogo ambayo hawakuambii: zima kiyoyozi kabla hujafika mstarini, maana matone yake yanalowesha njia na utaonekana mshamba. Lile dimbwi la maji wanakochomea tairi wenye magari ya mbio, lizunguke. Tairi za barabarani zina mifereji inayobeba maji hadi kwenye mstari. Toa siti ya mtoto, jeki na kila kinachobingirika.

Utamu wenyewe lakini hauko kwenye sekunde. Uko kwenye mbio za braketi. Unaandika kiooni muda unaoamini gari lako litafanya, mpinzani naye anaandika wake, na mwenye gari la polepole anaruhusiwa kuondoka mapema kwa tofauti hiyo. Ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, umejitoa mwenyewe mashindanoni. Taa tatu za njano zinashuka kwa mpishano wa nusu sekunde, kisha kijani. Ukiondoka kabla, nyekundu inawaka, mchezo umekwisha. Hapo gari la familia lina heshima yake. Giaboksi ya otomatiki, magurudumu manne yanayoshika na kompyuta isiyopaniki vinakupa muda uleule kila mara. Nimewatoa wenye Mustang walionizidi sekunde nzima, na mmoja akaja kuchungulia ndani akakuta biskuti zimemwagika kila mahali. Tesla nazo zipo, zinapita kimya na kutuaibisha wote kwa namba, hilo sibishani nalo.

Ndugu zangu wa Dar wananiuliza kama hesabu hii inafaa Forester XT au Crown. Forester yenye turbo inafaa, tena ni nyepesi mno ukilinganisha na hili langu. Crown nyingi na Mark X hazina turbo, kwa hiyo kompyuta peke yake itakupa kidogo sana. Utastarehe, na hiyo si haba. Ila Barabara ya Bagamoyo si uwanja wa mbio, hata iwe saa nane usiku.

Flex ya EcoBoost inatafutwa kwa tochi. Pampu ya maji ya injini hii iko ndani na inazungushwa na cheni ya taimingi, hivyo ikichoka, kulanti (maji ya kupoza injini) inaweza kuingia kwenye oili, na ufundi wake ni ghali. Chungulia karibu na alteneta kama kuna dalili ya kulanti iliyovuja na kukauka, na chomoa kijiti cha oili uone kama imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Halafu lala chini ulitazame lile boksi dogo linalopeleka nguvu magurudumu ya nyuma: oili yake ni kidogo, inakaa jirani na joto la ekzosi, na wenye magari wengi hawakumbuki hata kuibadilisha. Yangu niliibadilisha wiki niliyoinunua, na ya pampu nimeshatengea fungu kabla haijaniomba. Kama muuzaji hataki gari linyanyuliwe, mwachie funguo zake.