Mpiga chapa wa barua za Rais, Langoni, Lamu

Kwa wanaotaka kumwandikia Rais, Langoni hapa Lamu pana chumba kidogo cha kupiga chapa, chenye kompyuta moja, printa moja na benchi la kungojea, nami mwezi uliopita nilimpeleka huko ami yangu, ambaye hati ya shamba lake la upande wa bara imekwama kwa miaka mingi. Barua alikuwa amekwisha kuitunga kichwani: ilianza kwa "ama baada ya salamu", ikampongeza Rais, ikaulizia afya ya jamaa zake, na shamba likatajwa mwisho kabisa, kwa haya.

Karani aliisikiliza yote bila kumkatiza, kisha akasema, "Ami, hizi ni barua mbili." Alitueleza kwamba barua zifikazo afisi ya Rais hufunguliwa masjala na kupangwa kwa mada, hivyo malalamiko yaliyofuatana na pongezi huenda yakaishia katika jalada la pongezi. (Hata Obama, alipokuwa Rais wa Marekani, alisoma barua kumi tu kwa siku, tena zilizokwisha kuchaguliwa na watumishi wake.) Barua ya shamba ikapewa "YAH:" yake, nambari ya ploti katika mstari wa kwanza, na nakala kwa afisi ya ardhi. Ile ya salamu aliiacha kama ilivyotoka kinywani mwa mzee, hata "Mtukufu Rais" ya enzi za Moi hakuigusa, na kwa hilo pekee ningemrudia.

Alipokosea ni pale alipotuhakikishia kwamba jawabu ni lazima lije kwa siku 21. Muda huo umo katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, lakini unahusu ombi la habari, si malalamiko. Nilimtaka aongeze aya ya kuomba kujulishwa jalada limefika wapi na limezuiliwa kwa sababu gani. Akaiongeza, ila akanitoza ukurasa wa pili.

Bei ni shilingi 150 kwa ukurasa, bahasha mbali. Chumba hufungwa adhuhuri bila tangazo lolote mlangoni. Sisi tulikaa kwenye baraza ya jirani, tukikunja miguu kila punda wa mizigo alipopita, hadi saa nane.