Vichezeo vya mikononi au programu za simu: nini cha kununua kwanza kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3

Bajeti yako iwe ndogo au kubwa, robo tatu yake iende kwenye vitu visivyo na betri wala skrini. Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kushika, kuinua, kuangusha na kutia mdomoni. Anachokiona kwenye kioo cha simu hakihamii kirahisi kwenye vitu halisi: anaweza kuburuta picha ya kitalu (kipande cha kujengea) kwa kidole mpaka juu ya picha nyingine, lakini uzito, ukingo na sababu ya mnara kuanguka havijui bado.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hautaki mtoto wa chini ya miaka 2 akalishwe mbele ya skrini. Kuanzia miaka 2 hadi 4 kikomo ni saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kupiga simu ya video na bibi ni jambo jingine. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaliruhusu hata kwa wachanga, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayemjibu mtoto. Mpangilio ufuatao umezingatia hayo.

1. Vitalu vya mbao

Hakuna kichezeo kinachodumu na mtoto kama hiki. Mwenye miezi 18 hupanga vitatu au vinne, wa miaka 2 hufika kama sita, na akifika mitatu anajenga daraja na kukuambia ni la nani. Vya dukani vipo, ila seremala wa mtaani atakutengenezea vizuri zaidi kwa bei nafuu, ukimwagiza sawasawa.

Nunua mita moja na nusu ya mbao ya inchi 2x2. Uliza kwanza kama imetiwa dawa ya mchwa. Paini yenye rangi ya kijani ni ya paa, si ya mdomo wa mtoto. Chukua paini isiyotiwa dawa au mabaki ya mninga. Mbao ikishapigwa randa, pima upana wake (mara nyingi hubaki kama sentimita 4.5), kisha ikatwe michemraba 12 ya urefu huohuo na vipande 6 vya urefu mara mbili. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanakata kwa vipimo vya kukadiria, na vipande viwili vifupi havilingani na kirefu kimoja. Mnara unayumba hata mtoto akipanga vizuri, naye anaacha kujaribu.

Msasa uanze na namba 80, ufuate 120, umalizie 240, na kona zote ziviringwe. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila kitalu. Ikinasa, bado kuna kibanzi. Paka mafuta ya nazi kidogo sana, futa, acha siku mbili. Vanishi na rangi za mafuta usizitumie, kwani baadhi yake zina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

2. Vyombo vya kumwagia na kupachika

Vikombe vya plastiki vinavyoingiana, vitano hadi vinane, pamoja na beseni la maji au mchanga. Kama jikoni una bakuli za saizi tofauti, okoa fedha zako. Mtoto anajifunza kubwa na dogo, ndani na nje, kujaa na kupungua. Maji yasizidi sentimita chache, mtu mzima asiondoke hapo, na beseni limwagwe mara tu mchezo ukiisha.

Watu wengi huongeza vifuniko vya chupa za maji kwa ajili ya kuhesabu. Usifanye hivyo kabla ya miaka 3. Upana wake ni karibu sentimita 3, na kipimo kinachotumika kimataifa kutambua kitu cha hatari kwa watoto wa umri huu ni silinda yenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia chote kinaweza kuziba koo. Kete za bao na shanga ziko kundi hilo hilo. Tumia vifuniko vya makopo ya siagi.

3. Kisanduku cha maumbo, fumbo la mbao na vitabu vya kurasa ngumu

Kisanduku kijaribiwe dukani kabla hujatoa pesa. Chukua kila umbo, ulipitishe kwenye kila tundu. Kwenye visanduku vingi vya bei rahisi, pembetatu hupita tundu la mraba, kwa hiyo mtoto hafundishwi chochote. Fumbo la kwanza (ubao wa kupachika vipande vya picha) liwe na vipande vitatu hadi vitano vyenye vishikio vinene. Zungusha kila kishikio kwa nguvu. Kikilegea, kitang'oka nyumbani na kuishia mdomoni. Sugua rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka, rudisha. Ukinunua pia kigari cha kuvuta, kamba yake isizidi sentimita 20, isije ikazunguka shingo.

Kwa vitabu, viwili au vitatu vinatosha, mradi picha zake ni za vitu anavyovijua: kuku, ndoo, bodaboda. Visivyo na maneno ya Kiswahili usiviogope, maneno ni yako.

4. Programu moja, kwenye simu yako mwenyewe

Hapa ndipo skrini inapoingia, na baada ya miaka 2 ina kazi yake. Khan Academy Kids ni ya bure, haina matangazo wala cha kununua ndani, imelenga miaka 2 hadi 8, na ina sehemu unayoweza kupakua ukaitumia bila bando. Inazungumza Kiingereza, hivyo kaa naye umtajie kwa Kiswahili kila anachogusa. Mtoto akikaribia miaka 3, Akili and Me, kipindi cha katuni cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kina herufi, namba na nyimbo kwa Kiswahili. Kimetengenezwa kwa miaka 3 hadi 6.

Programu nyingine yoyote ipime hivi. Kwenye Play Store, angalia karibu na jina lake kama imeandikwa kuwa ina matangazo au ununuzi wa ndani. Ukiona vyote viwili, achana nayo: kidole cha mtoto hakitofautishi tangazo na mchezo. Kisha zima data na Wi-Fi, ufungue. Ikikataa kufanya kazi, haifai nyumba ambayo bando huisha katikati ya wiki.

Kabla ya kumpa simu, washa kubandika programu, ili mtoto asitoke kwenye programu uliyomfungulia (tafuta kwenye mipangilio ya usalama ya Android), na uchague iombe PIN kabla ya kubandua. Kwa iPhone, kazi hiyo inaitwa Guided Access. Dakika 15 zinatosha kwa kikao kimoja, na kisiwe ndani ya saa ya mwisho kabla ya kulala.

Kila kikao kifuatwe na kitu cha mkononi kinachohusu jambo lilelile. Amehesabu tufaha tatu kwenye skrini? Mpe ndimu tatu azitie kwenye kikapu. Bila hatua hiyo, programu inabaki burudani tu, na hilo si kosa la programu.

5. Kishikwambi cha mtoto

Kisubiri. Vya bei ya chini vyenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 1 au 2 hujaa mapema, programu zinajifunga zenyewe, mtoto analia, na mwisho wa yote kinabaki cha kutazamia video. Ukilazimika, usishuke chini ya RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32, na uhakikishe kina Play Store halisi.

6. Vichezeo vya betri vinavyoimba na "kompyuta" za plastiki

Vinashika mkia, ingawa ndivyo vinavyopangwa mbele dukani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la JAMA Pediatrics ulionyesha kuwa wazazi waliocheza na watoto wachanga kwa vichezeo vya umeme walisema maneno machache kuliko walipotumia vitabu au vichezeo vya kawaida. Kichezeo kikiongea, mzazi hunyamaza.

Mkiletewa zawadi ya namna hiyo, geuza uone kifuniko cha betri. Lazima kifungwe kwa skrubu. Kinachofunguka kwa ukucha kisiingie chumbani. Betri za saa, zile bapa za mviringo, zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukihisi mtoto amemeza, usimtapishe wala usisubiri dalili. Mkimbize hospitali yenye eksirei saa hiyohiyo.