Ramani ya redio ya Android ilikuwa inapotea, antena ndiyo iliyoitibu

Redio naipa nyota tatu, antena ya nje ya GPS (ile inayopokea mawimbi ya setelaiti ili ramani ijue ulipo) tano.

Redio yenyewe ni ya inchi 9, imefungwa kwenye Toyota IST yangu hapa Dar. Sauti safi, kioo kinasomeka hata jua la saa saba. Ramani sasa! Natoka Buguruni kwenda Ubungo, mshale unaniweka ndani ya nyumba za watu. Nikifika Kijazi kwenye zile barabara za ghorofa, ndiyo kabisa. Na foleni ikisimama, mshale unazunguka wenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa.

Dukani wakaniambia ninunue redio ya bei kubwa zaidi. Kwanza nikaweka programu ya bure ya GPSTest, ambayo inaonyesha kila setelaiti na nguvu ya mawimbi yake. Kwenye redio, setelaiti nyingi zilikuwa chini ya 25; simu yangu, ikiwa juu ya dashibodi palepale, ilikuwa inapita 35. Setelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi, kwa hiyo mawimbi yanatufikia yakiwa hoi na bati tu linayazuia. Na fundi aliificha antena, kile kidude cheusi cha mraba, nyuma ya redio katikati ya vyuma. Waya hauonekani, kazi inapendeza, setelaiti hakuna.

Antena mpya nilipata Kariakoo, haikufika elfu ishirini, waya wake mita 3. Kabla ya kulipa, hakikisha kichwa cha waya kinalingana na tundu la redio yako. Yangu ni ya kuzungusha kama nati. Vile vifaa vya ramani vya kubandika kiooni, vile vyenye tundu la antena, mara nyingi ni dogo la kuchomeka tu. Imekaa juu ya dashibodi, kona ya abiria, karibu na kioo cha mbele, sumaku ikiwa chini. Chini yake nimeweka kibati cha ukubwa wa kiganja, maana antena za aina hii hushika vizuri zaidi zikiwa juu ya chuma. Kama kioo chako kina tinti yenye chembe za chuma, ndani hutapata kitu. Tafuta isiyoingia maji, uiweke juu ya paa.

Namba zikapanda mpaka 40. Halafu nikachomeka kamera ya dashibodi, zikashuka tena! Kamera na chaja za bei rahisi hutoa kelele za umeme zinazofunika mawimbi. Kamera nimeihamishia upande wangu, mbali na antena, tatizo likaisha. Ukitaka kujua mchawi wako ni nani, chomoa kimoja kimoja huku ukitazama GPSTest.

Siku ya kwanza usiwe na haraka. Simamisha gari mahali pa wazi, injini ikiwaka. Redio inahitaji angalau setelaiti 4, na kama haina intaneti, kupokea orodha nzima ya setelaiti kunachukua dakika 12 na nusu.

Waya mwachie fundi aupitishe, ila simama pale. Gari likiwa na mfuko wa hewa kwenye nguzo ya kioo, waya upite nyuma yake, usipite mbele.