Bastola safarini Marekani: kibali mfukoni au kufuli kwenye buti?

Kila mwenye bastola Texas akitaka kutoka nje ya jimbo, ubishi ni huu huu: achukue kibali cha kubeba bastola, au aifungie kwenye buti la gari? Tangu Septemba 2021 Texas hailazimishi kibali, lakini ruhusa hiyo inaishia mpakani.

Kwa gharama, buti linashinda: kisanduku chenye kufuli, basi. Kibali ni dola 40 za ada, ukiongeza darasa, shabaha na alama za vidole, kisha unakihuisha kila baada ya miaka kadhaa.

Kwa utayari, kibali kiko mbele. Ukiingia New Mexico bastola inabaki kiunoni, chini ya shati. Ila New York na New Jersey hazitambui kibali cha jimbo lolote jingine, na hapo ndipo sheria ya shirikisho ya 1986 inapokukinga ukipita: bastola bila risasi, mbali na mkono, ikiwa ni halali utokako na uendako. Gari halina buti? Kisanduku kifungwe, na kidroo cha dashibodi hakihesabiki.

Kinga hiyo ni ya kupita tu. Mwaka 2005 msafiri kutoka Utah aliachwa na usafiri Newark, New Jersey, akalala hotelini na begi lake lenye bastola. Asubuhi alikamatwa uwanja wa ndege, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilikataa kwamba sheria hiyo ilimkinga.

Wa Houston anayekwenda kwa shemeji New Mexico kila mwezi, achukue kibali. Anayehamia Maine mara moja, kufuli litamtosha, mradi asilale New Jersey.