Elimu ya dawa ya kifua kubana, Iringa: nyota nne, ya tano imepotelea kwenye kibahasha

Hii ni kliniki moja ya moyo hapa Iringa mjini. Kabla ya kwenda dirisha la dawa, mgonjwa anakalishwa na muuguzi anaelezwa nitrogliserini, kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kwa jumla ni huduma nzuri.

Nilichokipenda ni kwamba anaanza na madhara. Dawa inatanua mishipa ya damu, kwa hiyo kichwa kitagonga, uso utapata moto, na presha itashuka. "Kaa kwanza baba, ndipo uweke." Ukiweka umesimama unaweza kuanguka. Usikimeze, maana kikipitia tumboni ini linaiharibu sehemu kubwa ya dawa. Kichwa kikiuma, parasetamoli ruksa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, tafuta usafiri wa hospitali huku ukiweka cha pili. Visizidi 3 ndani ya dakika 15. Anayebanwa kila akipanda mlima wa Ipogolo anafundishwa kuweka kimoja dakika 5 kabla.

Ulanzi anauliza bila kuona haya, kwa sababu pombe nayo inashusha presha. Dawa za nguvu za kiume anaziulizia mke akiwa nje, na hapo ndipo majibu ya kweli hutoka. Ukishatumia sildenafili, nitrogliserini isiguswe kwa saa 24. Tadalafili, saa 48. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka hadi kuua.

Atenololi, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, inapitiwa juu juu. Mikono na miguu huwa ya baridi, na Julai ya huku mtu atadhani ni kipupwe tu. Isiachwe ghafla, maumivu hurudi kwa nguvu.

Kinachoniudhi kiko dirishani: vidonge vinahesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha cha plastiki! Nitrogliserini hugeuka mvuke. Kidonge kinabaki na sura yake, dawa imeshaondoka. Siku kifua kinabana, unaweka kimoja, cha pili, kimya. Vinatakiwa vikae kwenye kichupa chake cha kioo, kifuniko kimekazwa, bila pamba ndani, mbali na jiko la mkaa na si kwenye mfuko wa shati unaopata joto la mwili. Andika tarehe ya kukifungua. Wiki 8 zikiisha, chukua kingine hata kama vidonge vimebaki.

Ukienda, omba kichupa kizima ambacho hakijafunguliwa. Wakikuambia vya kuhesabu ni sawa tu, kataa.