Kutafuta kesi ya ulevi barabarani katika masjala ya mahakama ya mji mdogo: uzoefu wangu

Swali langu lilikuwa moja tu. Je, dereva aliyeomba kazi ya kubeba watoto wa shule yetu amewahi kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa? Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi. Tuna takisi ya viti kumi na vinne iliyonunuliwa kwa michango, na mtaani kulikuwa na maneno kwamba bwana huyu aliwahi kunaswa na kawunyemu, ule msako wa polisi wa kupima pumzi za madereva walevi. Maneno ya stendi ya boda hayatoshi kumnyima mtu kazi, wala hayatoshi kumpa. Nikaenda kutafuta karatasi.

Mji wenyewe siutaji. Ni mmoja wa ile ya hapa Uganda iliyopandishwa kuwa majiji mwaka 2020, wimbi lile la Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Ubao wa kukaribisha wageni unasema jiji, lakini masjala ya mahakama ni chumba kimoja na kabati za chuma zisizofungika vizuri.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Tovuti ya ULII inaweka hukumu za mahakama za Uganda bure, na kwa mwenye shida ya ardhi, mirathi au rufaa naipa nyota tano bila kusita. Kwa kesi ya kawunyemu haina msaada, na kosa si lake. Kesi hizi kwa kawaida huanza na kuisha kwa hakimu wa chini. Mtu anasomewa shtaka, anakiri, anaomba kuhurumiwa, anapigwa faini, analipa, anarudi kwake. Hakuna hukumu ndefu iliyopigwa chapa na hakuna rufaa. Kinachobaki ni mistari michache ya mwandiko wa hakimu ndani ya jalada, na mstari mmoja kwenye kitabu cha masjala. Mitambo ya kutafuta haiwezi kuona kitu ambacho hakijawahi kuingia kwenye kompyuta. Upo pia mfumo wa kielektroniki wa kesi, ECCMIS, uliozinduliwa 2022, lakini ulianza na mahakama chache, na umetengenezwa hasa kwa mawakili na wenye kesi. Mzazi anayetafuta rekodi ya zamani hatapata mengi humo.

Kwa hiyo ni kwenda kwa miguu.

Kabla ya kwenda nilisoma sheria, na hilo ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote niliyobeba. Katiba ya 1995, ibara ya 41, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kupata taarifa ya 2005 ikaweka utaratibu: unaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 21 za kukujibu, na kanuni za 2011 zikaweka ada ya shilingi 20,000. Sheria hiyo haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijamalizika. Iliyomalizika ni habari nyingine. Na hulazimiki kueleza kwa nini unaitaka.

Mezani mambo yalikuwa hivi.

"Una uhusiano gani na mtu huyu?" karani aliniuliza, bila ukali.

"Sina uhusiano, mama. Ni kesi iliyokwisha, naomba kuiona."

"Namba ya kesi?"

Hapo ndipo huduma yote inapogeuka. Kitabu cha masjala kimepangwa kwa tarehe ya kusajili kesi, si kwa jina la mshtakiwa. Ukija na namba utahudumiwa kama mtu. Ukija na jina peke yake utapewa kitabu kizito chenye jalada gumu na kipande cha benchi, ujisomee. Safu zake ni namba ya kesi, namba ya polisi, jina, kosa, tarehe, na safu nyembamba ya mwisho ya matokeo, ambayo mara nyingi imebaki tupu. Jina la kwanza la mtu wetu ni Muhammad. Kwenye kurasa nilizofunua nilikutana na Mohamed, Muhamad, Mohamadi na Amadi, wengine wakiwa na jina la ukoo mbele, wengine nyuma, na mmoja aliandikwa kwa jina la utani. Makarani wamebadilika miaka kwa miaka na kila mmoja ana masikio yake. Kwa kitabu kama hicho huwezi kuapa kwamba mtu fulani hana kesi. Unaweza tu kusema hukumwona.

Niwaonye pia kuhusu vijana wanaozunguka nje na bahasha za kaki. Mmoja aliniambia kwa elfu hamsini angenitolea faili kabla ya saa ya chakula. Ada za mahakama hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotoka URA, mamlaka ya mapato, na risiti unabaki nayo. Anayetaka noti mkononi chini ya mwembe anauza kitu kingine.

Kilichovunja ukuta kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Tulimwita dereva mwenyewe, mwenyekiti wetu akamuuliza kwa adabu, "Bwana Dereva, umewahi kufikishwa mahakamani kwa mambo ya barabarani?" Hakubisha. Alifungua ganda la plastiki la pamiti yake, yaani leseni ya udereva, akatoa risiti ya faini iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeshakuwa matundu. Alikuwa akiibeba kwa hofu ya askari kumdai mara ya pili. Namba ya kesi ilisomeka. Niliporudi masjala nayo, karani alikwenda kwenye kabati, akapuliza vumbi, akaniwekea jalada mezani. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Ndani mlikuwa na karatasi chache sana. Hati ya mashtaka. Fomu ya dhamana ya polisi. Kopi ya kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine ya kupimia pumzi. Mtu mwenye akili alikitoa kopi mapema, maana karatasi yenyewe iliyobanwa nyuma yake ilikuwa imefifia hadi kuwa nyeupe. Kipimo kilizidi kiwango cha Uganda, ambacho ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kisha ukurasa mmoja wa hakimu: mshtakiwa amekiri, ni kosa la kwanza, ana familia, faini au kifungo. Faini ikalipwa siku hiyohiyo. Hakuna aliyeumia, hakuna gari lililogongwa, na sikuona amri ya kumzuia kuendesha. Mtaani walikuwa wakisema alifungwa na aligonga mtu. Jalada halikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kwa hilo pekee naipa masjala hii heshima yake. Ilitutoa kwenye uvumi ikatuweka kwenye jambo linaloweza kujadiliwa.

Ila ina mipaka ambayo mtu anapaswa kuijua kabla ya kulipia nauli. Kila mahakama ina kitabu chake. Aliyenaswa Lira haonekani Mbale, na aliyenaswa Kampala haonekani popote huku kwetu. Wengi huambiwa waombe cheti cha tabia njema kutoka Interpol ya polisi, nasi tulimwomba dereva akitafute. Kina kazi yake, lakini ni cheti. Hakikusimulii kesi ilivyokwenda. Kisha kuna lugha. Kiswahili kimo kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini mahakama inaandika kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mkono wa haraka. Kwenye kamati yetu kuna wazee wanaosema Kinubi na Kiswahili tu. Ilibidi nisimame niwasomee neno kwa neno, na mmoja akataka nirudie pale pa "kosa la kwanza" mpaka akaridhika.

Nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri, ndiyo iliyonichosha. Kutazama jalada hakukuwa na shida. Kupata nakala kulihitaji barua, kitambulisho cha taifa, namba ya malipo, kusubiri hakimu arudi kutoka kituo kingine, na mashine ya kopi ambayo haikuwa na wino. Nilienda kupiga kopi dukani ng'ambo ya barabara nikiwa na mtumishi wa mahakama pembeni, jalada kalishika yeye, na kopi nikazilipia mimi. Sawa, jalada haliruhusiwi kutoka peke yake, naelewa. Lakini kwa huduma ambayo ada yake imeshalipwa, wino si jambo la kumwachia mwananchi.

Wazazi kadhaa walitaka nipige picha niirushe kwenye kundi la WhatsApp. Nilikataa. Kesi kusikilizwa hadharani ni jambo moja, na anwani ya mtu, umri wake na jina la mdhamini wake kuzunguka kwenye simu za watu mia ni jambo jingine. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. Jalada lilijadiliwa kwenye kikao, dereva akiwepo, na kopi ikafungiwa kwenye sanduku la mweka hazina.

Alama zangu: ULII tano, ila si kwa kazi hii. Masjala nne ukiwa na namba ya kesi, mbili ukiwa na jina tu. Nakala iliyothibitishwa mbili. Wale wa bahasha za kaki, sifuri.

Atakayekwenda aende asubuhi, kabla hakimu hajaketi, kwa sababu karani huingia naye mahakamani na masjala hufungwa mpaka kikao kiishe. Achukue kitambulisho, barua mbili za maombi ili moja igongwe muhuri wa kupokelewa abaki nayo, na kalamu yake mwenyewe. Sisi sasa kila dereva anayeomba kazi anajaza fomu ya kutaja mahakama alizowahi kufikishwa na mwaka, anaweka sahihi, kisha mimi naenda na fomu hiyo masjala.