TAHADHARI: Dalali wa "nyumba ya mnada wa benki" Kimara, usitume hela

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba Dar, hasa ukanda wa Kimara hadi Mbezi, kuna dalali anasambaza picha za nyumba ya vyumba vitatu yenye fensi na geti jeusi. Anasema mwenye nyumba kashindwa marejesho ya mkopo, benki inaipiga mnada. Bei milioni 38. Kwa eneo lile hiyo ni bei ya kutupa, ndiyo maana watu wanamkimbilia.

Maneno yake: mnada ni wiki ijayo, ila yeye ana "mtu wake" ndani ya benki. Ukitoa milioni 4 ya kishika nafasi unamaliziwa kimyakimya kabla wengine hawajashtuka. Hela inatumwa kwenye laini ya simu yenye jina la mtu binafsi.

Jirani yangu alishaanza kuchanga, tukaenda kuiona mchana bila dalali. Picha zote kazipiga upande wa geti. Ukizunguka nyuma unakuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mama mwenye nyumba alitoka na ufagio mkononi amefura, maana hatukuwa wa kwanza. Hadaiwi na benki yoyote, na mjumbe wa pale anamfahamu tangu anajenga.

Nyumba za mikopo zipo kweli, na wapo walionunua wakatulia. Ila mnada wa siri haupo. Benki inatakiwa impe mdaiwa notisi ya siku 60, kisha mnada utangazwe hadharani siku 14 kabla. Tangazo la kweli linataja kampuni ya udalali, kiwanja na kitalu, siku na mahali. La huyu bwana ni picha ya gazeti; likuze kwenye simu uone namba ya kiwanja ilivyobandikwa, herufi zake hazifanani na za maneno ya pembeni yake.

Na hata ule mnada halali, msiuchukulie kama kununua nyumba ya kawaida. Nyumba ya kawaida unakaa sebuleni na mwenye nyumba na mkewe, unauliza majirani, mnaandikishana kwa mwanasheria. Ya mnada anayekuuzia ni benki, huku mwenyewe bado yumo ndani na hana mpango wa kuhama. Mara mke anafungua kesi kwamba hakuridhia nyumba ya familia iwekwe rehani, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa yake. Umeshalipa, funguo huna, mnapishana mahakamani. Hicho ndicho kinachoshusha bei, si huruma ya benki.

Ukiletewa nyumba ya aina hii, chukua namba ya kiwanja ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Utaona jina la mmiliki na kama kuna rehani. Ikiwepo, ingia mwenyewe kwenye tawi la benki iliyotajwa, usipelekwe na dalali kuonana na "ofisa" kwenye mgahawa.

Picha zilezile zimeanza kuzunguka tena kwa laini nyingine, sasa eti nyumba iko Kibaha. Kama ulishalipa, usifute meseji wala usimpigie kumtukana, atabadilisha namba. Chukua ujumbe wa muamala, zile picha na tangazo lake, nenda navyo polisi.